Akiba Isiyo na Riba

Mtu akikwambia kuna benki isiyolipa riba hata senti moja, na ukienda kutoa fedha zako unatozwa ada, hapana shaka utamjibu kuwa afadhali zikae nyumbani. Hesabu nayo yakubali: shilingi 100 zikiwekwa humo hurudi pungufu. Lakini wako wanawake wa sokoni waliozipeleka, wakafaidika.

Habari hii yatoka Bumala, magharibi ya Kenya. Watafiti wawili wa uchumi, Pascaline Dupas na Jonathan Robinson, walianza kazi yao huko mwaka 2006, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Walichagua wachuuzi wa sokoni, ambao wengi wao ni wanawake, na wanaume waliobeba abiria kwa baiskeli, yaani boda boda.

Kisha kura ikapigwa. Aliyeangukiwa alifunguliwa akaunti, na ada ya kufungulia akalipiwa. Asiyeangukiwa akaendelea na mambo yake. Msomaji asiipuuze kura hii, kwani ndiyo roho ya utafiti wote. Lau wangalingojwa wenye kupenda akiba waende benki wenyewe, nani angalijua kama ni benki iliyowasaidia, au ni bidii yao ya tangu zamani? Kwa kura, wenye bidii na wasio nayo huchanganyika pande zote mbili.

Daftari za mauzo na matumizi ya kila siku zilionyesha kwamba wanawake wenye akaunti waliweka akiba zaidi, wakatia fedha nyingi zaidi katika biashara, hata matumizi yao wenyewe yakaongezeka. Kwa nini wakubali kutozwa? Nadhani ni kwa sababu fedha zilizo nyumbani huombwa: leo shemeji, kesho jirani mwenye mgonjwa, na mwenyewe naye hushawishika. Ada ile ikawa kama kufuli.

Kwa wale wa boda boda hakukuonekana badiliko lolote. Basi, je, wanaume hawajui kuweka akiba? Polepole! Mchuuzi akipata shilingi ya ziada huongeza nyanya au samaki mezani pake. Mwenye baiskeli ataongeza nini, naye ana baiskeli moja na miguu miwili? Huenda tofauti ile ni ya kazi na kazi, si ya mume na mke. Kulijibu swali hilo kungalitaka wanawake waendesha baiskeli za abiria, na katika utafiti ule hawakuwamo.