Vinyama vya ngozi: kipi cha kuacha, kipi cha kupeleka kliniki

Watu wengi, hasa wa umri wa makamo, huota vinyama vidogo laini vinavyoning'inia shingoni, kwapani au kwenye kope. Haviumi, haviambukizi, na si dalili ya kurogwa. Hatari huanza mtu anapovikata kwa wembe, kuvifunga uzi au kuvipaka asidi.

Vinatokana na nini?
Hutokea mahali ngozi inaposuguana. Ndiyo maana huonekana zaidi kwa watu wanene na kina mama wajawazito. Vikiwa vingi, na ngozi ya shingo ikawa nyeusi na nene, ni vyema kupimwa sukari, kwani huenda ni ishara ya kisukari.

Vidoa vyeusi vilivyoinuka mashavuni, ambavyo mara nyingi hurithiwa, na uvimbe laini wa mafuta chini ya ngozi kwa kawaida pia havina madhara. Chunjua ni tofauti: huletwa na virusi na huambukiza. Kinyama kinachoota sehemu za siri kisidhaniwe tu kuwa cha kawaida. Kionyeshe mhudumu wa afya.

Kwa nini usikate nyumbani?
Kidonda kinaweza kuvuja damu sana au kuoza. Wembe uliotumiwa na mwingine unaweza kuambukiza HIV au homa ya ini. Isitoshe, ngozi nyeusi ni rahisi kuota kovu linalovimba likawa kubwa kuliko kinyama chenyewe. Kliniki, kinyama hukatwa kwa ganzi na vifaa safi, au huchomwa au kugandishwa.

Nenda kliniki bila kuchelewa ukiona:
• Kinyama kinachokua upesi, kubadilika rangi au kutoka damu
• Kidonda kisichopona
• Doa jeusi jipya kwenye unyayo, kiganja au chini ya ukucha, mahali saratani ya melanoma hutokea zaidi kwa watu weusi
• Madoa ya zambarau yanayoongezeka

Watu wenye ualbino wachunguzwe ngozi mara kwa mara.

Uanzie wapi?
Wakazi wa Eastlands waanzie kituo cha afya kilicho karibu, kama vile Jericho, Bahati au Dandora. Atakayehitaji uchunguzi zaidi huelekezwa hospitali kubwa, ikiwemo Mama Lucy Kibaki. Beba kitambulisho, na kama hujajisajili na SHA, piga *147#.