Majani Katika Bwawa la Samaki

Kuchimba bwawa ni kazi nzito. Lakini ukisha kulichimba na kutia vifaranga vya perege, kazi haijaisha. Samaki wanataka kula, na maji matupu hayanenepeshi. Je, chakula chao utakipata wapi bila fedha nyingi? Tazama shambani kwako. Majani yapo.

Kazi ya majani

Majani yakiozea majini hutoa mbolea. Mbolea hiyo huotesha vimea vidogo sana, ambavyo huwezi kuviona kimoja kimoja. Vikiwa vingi, maji huwa ya kijani. Perege hula vimea hivyo. Hula pia vijidudu vya majini vinavyoishi kwa vimea hivyo.

Jenga zizi la majani

Usitupe majani ovyo bwawani. Chagua pembe moja. Chomeka miti karibu karibu, ufanye zizi ndani ya maji. Bwawa likiwa la mita 10 kwa mita 10, zizi la mita 3 kwa mita 3 latosha. Jaza majani mabichi, magugu na samadi. Yashindilie mpaka yazame. Yageuze kwa mti kila juma. Yakipungua, ongeza.

Majani laini, kama ya mapapai na viazi vitamu, waweza kuwapa samaki wale. Yakatekate kwanza. Majani ya mihogo yaanike mpaka yanyauke.

Pima maji kwa mkono

Ingiza mkono majini polepole mpaka kwenye kiwiko, kiganja kikitazama juu. Ukikiona kiganja waziwazi, mbolea ni kidogo. Ongeza majani. Kikipotea machoni maji yanapofika kwenye kiwiko, maji ni mazuri. Kikipotea maji yakiwa kwenye kifundo cha mkono tu, mbolea imezidi. Acha kutia. Lakini kumbuka: maji yawe ya kijani. Tope si chakula.

Jihadhari

Majani yanapooza hutumia hewa iliyomo majini. Samaki nao huvuta hewa hiyo hiyo. Majani yakizidi, hewa hupungua, hasa alfajiri. Ukiona asubuhi samaki wako juu ya maji, wanatweta, usingoje. Toa majani yaliyooza. Fungulia maji mapya. Usitie majani mengine mpaka watulie. Ukichelewa, jasho lako la miezi mingi laweza kupotea kwa usiku mmoja.

Usitie kamwe majani ya utupa wala mnyaa. Watu huvulia samaki kwa mimea hiyo mitoni, kwa kuwa ina sumu. Usitie pia majani yaliyopigwa dawa ya wadudu, kama ya pamba au kahawa.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini maji ya kijani ni mazuri kwa perege?
2. Utajuaje kwamba majani yamezidi bwawani?
3. Ni majani gani ya kijijini kwetu yafaayo, na yapi ni ya hatari?