Gari Linaloendelea Kutengenezwa Baada ya Kuuzwa

Gari la kisasa la umeme huongozwa na kompyuta nyingi ndogo, kila moja ikiwa na kazi yake: ipo inayosimamia betri, ipo inayogawa nguvu kwenye mota, ipo ya breki, na ipo ya skrini iliyo mbele ya dereva. Kompyuta hizo hufuata programu, yaani maelekezo yaliyoandikwa na wahandisi, na kwa kuwa maelekezo yanaweza kuandikwa upya, tabia ya gari nayo inaweza kubadilishwa bila fundi kulegeza hata skrubu moja. Kusasisha gari kwa njia ya hewa ni kuyatuma maelekezo mapya kutoka kwenye seva, ambazo ni kompyuta kubwa za kiwanda zinazohifadhi na kusambaza mafaili, hadi kwenye gari kupitia mtandao wa simu au Wi-Fi ya nyumbani, kazi ambayo kampuni ya Tesla ya Marekani imekuwa ikiifanya tangu mwaka 2012, ilipoanza kuuza gari lake la Model S.

Faili likishapokewa, gari hukagua kwanza saini ya kidijitali, alama ya kihesabu inayoweza kutengenezwa tu na mwenye ufunguo wa siri wa kiwanda, ili mhalifu asiweze kupenyeza programu yake. Tesla iliimarisha ukaguzi huo mwaka 2016, baada ya watafiti wa Keen Security Lab, maabara ya kampuni ya Tencent ya China, kuonyesha kwamba waliweza kuzifunga breki za Model S wakiwa mbali nayo. Aidha, katika magari mengi hifadhi ya kompyuta kuu hugawanywa sehemu mbili, moja ikibeba programu inayotumika na nyingine ikipokea mpya, hivi kwamba usakinishaji ukikwama katikati gari hurudia programu ya awali. Tahadhari hizo hazizuii kila kosa: Novemba 2023 kampuni ya Rivian ilisambaza sasisho lenye vyeti vya usalama visivyo sahihi, na skrini za baadhi ya magari yake zikaacha kufanya kazi, ingawa magari yenyewe yaliendelea kuendeshwa.

Mfano unaosifiwa sana wa manufaa ya masasisho haya ni wa Mei 2018, wakati jarida la Consumer Reports lilipokataa kuipendekeza Model 3 ya Tesla kwa sababu, ikiwa kwenye mwendo wa kilomita 97 kwa saa, ilihitaji takriban mita 46 kusimama, umbali uliozidi ule wa pikapu kubwa ya Ford F-150. Katika muda wa siku chache Tesla ilirekebisha programu inayozuia magurudumu yasijifunge wakati wa kufunga breki, ikaituma hewani, na gari lilelile lilipopimwa tena lilisimama ndani ya mita 40 na nusu hivi. Ni kazi ya kustaajabisha, lakini inaacha swali ambalo wanaoisifu huliruka, nalo ni jinsi gari lenye breki ambazo hazijakamilishwa lilivyofika mikononi mwa wateja. Kiwanda kinachojua kuwa kasoro itazibwa baadaye huwa na sababu chache za kusubiri.

Uwezo huohuo wa kuongeza ni uwezo wa kupunguza. Septemba 2017, kimbunga Irma kilipokuwa kikielekea Florida, Tesla iliwafungulia kwa muda baadhi ya wateja wa jimbo hilo sehemu ya betri iliyokuwa imefungwa kwa programu, kwani magari yaliyouzwa kama ya kilowati-saa 60 yalibeba betri ya kilowati-saa 75, na mnunuzi alikuwa akitembea na umeme alioubeba lakini hakuruhusiwa kuutumia. Mwaka 2019 mambo yaligeuka: sasisho lililotolewa kwa hoja ya usalama lilishusha volteji ya juu ya betri za baadhi ya Model S, wenye magari wakaona umbali wanaosafiri kwa chaji moja umepungua, wakashtaki, na mwaka 2021 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 1.5 katika shauri lililohusu magari 1,743, zikiwemo dola 625 kwa kila mwenye gari.

Sheria imechelewa, lakini imeanza kufika. Kanuni namba 156 ya Umoja wa Mataifa, ambayo tangu Julai 2024 inahusu magari yote mapya yanayouzwa katika Umoja wa Ulaya, inamtaka mtengenezaji amweleze mtumiaji, kabla ya kusakinisha, lengo la sasisho na kitakachobadilika, na ahakikishe kuwa gari linabaki salama hata sasisho likishindikana. Nchini Marekani mamlaka ya usalama barabarani huyahesabu marekebisho ya kasoro za usalama yanayotumwa hewani kuwa urejeshaji rasmi wa magari yenye kasoro, hata kama hakuna gari linalorudi popote. Ndivyo ilivyokuwa Desemba 2023 kwa zaidi ya Tesla milioni 2, kuhusu mfumo wa Autopilot unaomsaidia dereva.

Kwa mnunuzi wa magari yaliyokwisha kutumika, kama walivyo wengi wanaopokea magari yao Mombasa na Dar es Salaam, jambo la kuuliza ni jingine. Laini ya simu iliyofungwa ndani ya gari mara nyingi hulipiwa na kiwanda kwa matumizi ya nchi lilikouzwa mara ya kwanza, nayo inaweza kukosa huduma kwingineko, na hapo gari lisiloweza kusasishwa kwa Wi-Fi hubaki na programu liliyokuja nayo pamoja na kasoro zake, mpaka apatikane fundi mwenye kifaa cha kuisasisha kwa waya na idhini ya kiwanda.