Fahamu: Riziki ya mwanamichezo msafiri, tangu Katesh hadi Vienna

Wapenzi wa mpira wa kikapu wanamjua Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, ambaye mwaka 2009 alichaguliwa wa 2 na Memphis Grizzlies katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, ligi ya Marekani, kisha akazipitia Houston, Portland na Oklahoma City, na baadaye akaenda kucheza Japani na Taiwan. Walakini maisha ya namna hiyo, ya kuhamahama kwa ajili ya riziki ya mchezo, wilaya ya Hanang iliyajua zamani.

Gidamis Shahanga, mzaliwa wa Katesh, chini ya Mlima Hanang, alishinda marathoni ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton mwaka 1978. Akatwaa dhahabu ya mita 10,000 huko Brisbane mwaka 1982, na katika marathoni ya michezo iyo hiyo akaongoza pamoja na Juma Ikangaa kwa ushujaa ambao, kwa rai yangu, hatujaupa taadhima yake, hata Robert de Castella wa Australia alipowafikia na kuwapita.

Mwaka huo ndipo shirikisho la riadha la dunia liliporuhusu wakimbiaji wawekewe fedha zao amana, baada ya dahari ya kuharamishiwa ujira. Kwa hiyo Shahanga, aliyeshinda Rotterdam mwaka 1984 na Vienna mwaka 1990, aliweza kutaraji kile ambacho John Stephen Akhwari wa Mbulu, aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akichechemea, goti limefungwa bendeji, hakukitaraji kabisa. Hata hivyo mkimbiaji hana timu ya kumlipa mshahara: hulipwa kwa kualikwa na kwa nafasi aliyoipata, na jeraha moja laweza kumkatia riziki ya msimu mzima.