Aslay alikuwa na Mkubwa Fella, dogo wa Msangano ana nani?

MSANGANO, SONGWE. Jioni hapa Msangano, wilayani Momba, madogo wanacheza chandimu pekupeku huku simu ya mtu pembeni inapiga Bongo Fleva. Ikigonga ya Aslay, winga anaimba huku anakokota mpira.

Wengi wao hawakuwa wamezaliwa Aslay Isihaka alipotoka na ‘Naenda Kusema’, enzi hizo akiitwa Dogo Aslay. Na kweli alikuwa dogo. Aliyemtoa ni Said Fella, ‘Mkubwa Fella’, wa kituo cha Mkubwa na Wanawe, Temeke. Kituo kile ukikitazama kimpira ni akademi tu: mtoto anachukuliwa mapema, ananolewa, akiiva anapandishwa.

Shida ya staa mtoto ni kwamba anakua. Sauti inabadilika, na mashabiki wanamtaka yuleyule wa jana. Hapo ndipo wengi hupotea. Aslay hakupotea kwa sababu hakuachwa abebe timu peke yake: aliingizwa Yamoto Band na Beka, Enock Bella na Maromboso. Ni kama kocha anavyomrudisha winga kinda katikati, azungukwe na wenzake, presha igawanywe kwa wanne. Wakapiga ‘Niseme’, wakapiga ‘Nitajuta’, nchi ikaimba.

Bendi ilipovunjika, Aslay alikuwa mtu mzima. Mwaka 2017 akaachia ‘Angekuwepo’, ‘Muhudumu’, ‘Natamba’ na ‘Likizo’, zinafuatana kama mechi za viporo. Maromboso naye mwaka 2018 akasajiliwa WCB ya Diamond, ndiye huyu Mbosso wa leo. Nani mkali kati yao? Huo ni ubishi wa kijiweni, ila mimi namuanzisha Aslay.

Sasa rudi kwenye soka. Aprili 2019, Serengeti Boys walifungwa 5-4 na Nigeria kwenye Afcon ya vijana chini ya miaka 17, Uwanja wa Taifa. Tulifungwa, lakini mabao manne dhidi ya Nigeria si mchezo, watu wakasema kizazi kimepatikana. Kelvin John akafika Genk, Ubelgiji. Haya, taja wengine watano wa kikosi kile bila kuangalia simu.

Vipaji vilikuwepo. Kilichokosekana ni Yamoto yao, sehemu ya kukaa kati ya utoto na ukubwa.

Na Temeke angalau ni mjini. Mbwana Samatta alianzia hukohuko Mbagala, kabla ya Simba, TP Mazembe, Genk na Aston Villa. Kutoka Msangano, uwanja wa karibu uliozoea Ligi Kuu ni Sokoine, Mbeya. Skauti wa klabu kubwa kumuona bondeni huku ni bahati. Anayefika ni yule anayemwomba mzazi nauli, eti ampeleke dogo Dar kwenye majaribio, na ukimuuliza ya klabu gani anasema tutajua tukifika.