Amri ya mahakama hailipi karo yenyewe

Siku mwanangu wa kwanza aliporudishwa nyumbani kwa kukosa karo, mkobani mwangu mlikuwa na karatasi ya mahakama yenye muhuri. Ilisema baba yake atatoa shilingi 200,000 kila mwezi kwa matunzo ya watoto wetu wawili.

Tulitalikiana hapa Kampala. Miezi miwili ya kwanza alilipa. Wa tatu alileta nusu, na wa nne simu yake haikupatikana. Nilimwendea mama yake. "Vumilia mwanangu," aliniambia, "naye sasa ana nyumba nyingine ya kulisha." Nikavumilia miezi saba, huku nikikopa kwa wenzangu sokoni.

Kosa langu lilikuwa kudhani mahakama ingemfuata yenyewe. Ofisa wa ustawi wa jamii ndiye aliyenizindua: "Dada, umerudi kwa hakimu?" Sikuwa nimerudi.

Sheria ya Watoto ya Uganda, iliyoanza kutumika mwaka 1997, inawabana wazazi wote wawili. Mwezi mmoja ukipita bila malipo, anayelea watoto anaweza kumlalamikia hakimu. Hakimu naye ana uwezo wa kutoa hati mdaiwa aletwe mbele yake, kuamuru mali yake ikamatwe na kuuzwa, au mshahara wake ukatwe kabla haujafika mfukoni.

Mahakamani alidai, "Fedha nilimpa mkononi." Hapo nikafungua daftari nililoandika kila tarehe na kila kiasi, nikaonyesha na ujumbe wa simu wa fedha alizowahi kutuma. Yeye hakuwa na hata risiti moja.

Leo mwajiri wake humkata kila mwisho wa mwezi. Deni la nyuma analipa kidogo kidogo.

Si wote wenye bahati hiyo. Jirani yangu ana amri kama yangu, lakini baba wa mtoto wake ni mwendesha bodaboda. Pikipiki ikiuzwa, mtoto atakula mara moja, na riziki imekatika. Kwa hiyo ameomba malipo yapangwe kwa wiki, kiasi ambacho baba huyo anakimudu.

Akina mama, nanyi akina baba mnaolea peke yenu, andikeni kila shilingi inayoingia. Mwezi ukipita bila kitu, rudini kwa hakimu. Uvumilivu wangu wa miezi saba haukumsomesha mtoto.