Je, Wajua? Gia ya kwanza haihami, hata mkono ukibadilika

Malori ya shaba na kobalti yanayopita Likasi kuelekea Lubumbashi kwa Barabara ya Taifa Namba 1 ya Kongo (DRC) huendeshwa upande wa kulia. Yakivuka mpaka wa Kasumbalesa na kuingia Zambia, yanahamia kushoto. Ndiyo maana katika eneo hilo la Katanga utakuta magari ya aina mbili: yenye usukani kushoto, ambayo gia zake hubadilishwa kwa mkono wa kulia, na yenye usukani kulia, mengi yakiwa ya Japani, ambayo hutumia mkono wa kushoto.

La ajabu ni kwamba mpangilio wa gia haugeuzwi. Kwenye gari dogo la kawaida, la aina yoyote kati ya hizo, gia namba moja iko mbele kushoto: kwenye lenye usukani kushoto unaivutia kwako, kwenye lenye usukani kulia unaisukuma mbali nawe. Klachi nayo daima iko chini ya mguu wa kushoto.

Katika gia ndogo, kama hiyo ya kwanza, injini huzunguka mara nyingi kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Nguvu inapanda, kasi inashuka. Kwa hiyo dereva mzoefu aliyebeba tani 30 huingiza gia ndogo kabla ya kuanza mteremko, ili injini yenyewe ilizuie lori. Akichelewa hadi lori lishike kasi, gia inaweza kukataa kuingia. Hapo breki hubeba uzito wote peke yake, hupata moto, na mwishowe haishiki tena.